Ufa Huulizwa

"Mwalimu, ukuta unatetemeka."

Aliyesema ni binti anayejifunza kazi kwangu, na alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba ukuta ule ameutetemesha yeye. Chumba chetu kiko ghorofani Wandegeya, Kampala, juu ya duka la fotokopi, na asubuhi harufu ya chapati na mayai ya rolex hututangulia kupanda ngazi. Nikasogeza kiti. Kwenye skrini ilisimama nyumba ya vyumba vitatu inayotarajiwa kujengwa Kira: kuta zimenyooka, madirisha yamekaa mahali pake. Lakini kila alipoizungusha kwa kipanya, kingo zake zilirukaruka kama kivuli cha mnazi kwenye maji yaliyotupiwa jiwe. Alipoacha, zilitulia. Alipogusa tena, zikaanza upya.

"Ramani ya kiwanja umeitoa wapi?"

"Kwa mpima ardhi, mwalimu. Alituma faili, nikalifungua, nikajenga juu yake."

"Bofya jiwe moja la mpaka, unisomee namba zake."

Akasoma: mashariki mita 460,000 na ushei, kaskazini mita 44,000 na ushei. Hapo nikajua, na nikafurahi, kwa sababu hii ni moja ya kasoro ninazozipenda kuliko zote.

Kila programu ya kuchora ina nukta moja ambapo mistari mikuu mitatu hukutana, nukta ya sifuri. Mimi huiita kitovu, maana kwetu Tanga mtu akitaka kueleza anakotoka husema kitovu chake kimezikwa wapi. Wapima ardhi wa sehemu kubwa ya Uganda hutumia mfumo wa UTM, kanda ya 36, ambao kwa upande wa kaskazini kitovu chake kiko juu ya mstari wa ikweta, kilomita 500 magharibi ya longitudo ya 33. Ukikitafuta kwenye ramani utakuta kimeangukia ndani ya misitu ya mashariki mwa Kongo, magharibi ya Butembo. Kwa hiyo nyumba yetu ya Kira, kwa hesabu ya faili lile, ilikuwa imejengwa zaidi ya kilomita 460 kutoka kitovuni. Mpima ardhi hakukosea hata kidogo. Kompyuta nayo ilizihifadhi namba zake zote bila kupoteza kitu. Tatizo lilikuwa kwenye kadi ya picha, ambayo kwa ajili ya kasi hushika namba kwa tarakimu kama saba tu. Ukiwa karibu na kitovu, tarakimu saba zinatosha kuonyesha unene wa unywele. Ukiwa kilomita 460 mbali, tarakimu hizo zinakwisha kwenye sentimita 3. Kadi haiwezi kuweka nukta katikati ya hatua moja ya sentimita 3 na hatua inayofuata, na hivyo nyumba inapozunguka, kila pembe huruka kwenda kwenye hatua iliyo karibu nayo. Ndiyo ile mitetemo.

Kusini ya ikweta mambo ni makubwa zaidi. Ukishapita ile alama ya ikweta ya Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, mfumo huanza kuhesabu kaskazini kutoka 10,000,000 ili namba zisiwe hasi. Kiwanja cha Masaka kiko kama kilomita 9,960 kutoka kitovu cha hesabu hiyo, na huko hatua moja ya kadi ya picha ni mita nzima. Nimewahi kufungua mchoro wa Masaka nikakuta mlango uko nje ya ukuta wake, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Tiba ni kuisogeza kazi yote karibu na kitovu kwa kupunguza namba nzima nzima, kisha kuziandika namba hizo mahali zisipopotea. Binti akachukua karatasi, akaandika kwa kalamu nene: 460,000 na 44,000. Akaibandika ukutani juu ya meza yake. Aliporudi kuizungusha nyumba, ilizunguka kimya kama gudumu lililotiwa grisi.

Nataka kuisifu kazi hii. Namaanisha kazi ya kukaa mbele ya nyumba ambayo bado haipo, ukaona inakataa kitu, na ukatafuta inachokataa. Kwa Kiswahili sijui jina lake. Hakuna kibao barabarani kinachoitangaza. Mteja analipia ramani, analipia picha nzuri za kuonyesha ndugu, na saa tatu ulizotumia kutafuta kwa nini sakafu inametameta hazimo kwenye risiti yoyote. Hata hivyo mimi naamini huko ndiko nyumba inakojengwa, kabla ya tofali la kwanza.

Waliotufundisha walichora kwa karatasi, na karatasi ina huruma nyingi mno. Unaweza kuchora ramani ya chini ikisema ukuta una mita 4.2, ukachora sura ya mbele ikisema mita 4.3, na karatasi mbili zikalala kwenye faili moja kwa amani mpaka siku mwashi anapozifungua zote mbili juani. Unaweza kuchora ngazi inayofika ghorofani bila kuuliza kichwa cha mpandaji kitapita wapi. Modeli ya pande tatu haina huruma hiyo. Inadai ukuta mmoja uwe na urefu mmoja. Inadai kila paa liguse kila ukuta. Na isiporidhika haisemi kwa maneno: inatetemeka, inametameta, inaacha tundu, inageuza rangi, au inajifunga na kuzimika.

Mimi nilianza na SketchUp, kwenye kompyuta ya kuazima, enzi za toleo lake la bure. Programu ile ilitolewa mwaka 2000 na kampuni ndogo ya mji wa Boulder, jimbo la Colorado, Marekani. Google wakainunua mwaka 2006, kisha mwaka 2012 ikauzwa kwa Trimble. Wengine hapa mjini wanatumia ArchiCAD, iliyozaliwa Budapest. Wanafunzi wasio na pesa ya leseni huwa nawapa Sweet Home 3D, ambayo Mfaransa Emmanuel Puybaret aliitoa bure mwaka 2006 na mpaka leo ni ya bure. Vyombo ni tofauti, ila kasoro zake ni ndugu wa tumbo moja, na anayejua kuitibu moja hatashindwa na nyingine.

Chukua huko kumetameta. Nyuso mbili zimechorwa mahali pamoja kabisa, kwenye kimo kilekile, na kompyuta haijui ipi iko mbele ya ipi. Inaonyesha hii, mara ile, na sakafu inakuwa na mabaka yanayocheza kama magamba ya samaki. Dawa ya haraka inajulikana na kila mtu: nyanyua uso mmoja kwa milimita 1. Mabaka yanakwisha, unaendelea.

Nilifanya hivyo kwenye nyumba ya tatu niliyowahi kuchora, huko Namugongo. Nilinyanyua sakafu milimita 1, picha ikatulia, nikaishukuru bahati. Sikuuliza nyuso zile mbili zilikuwa nini. Moja ilikuwa zege. Nyingine ilikuwa vigae vya sakafu. Nilikuwa nimevichora vyote viwili kwenye sifuri, maana yake ndani ya nyumba nzima hapakuwa na nafasi ya vigae wala ya saruji ya kuvilaza, jumla kama milimita 45. Modeli iliniambia kwa kumetameta, nami nikaifunga mdomo. Nyumba ilipojengwa na vigae vikalazwa, milango saba ilikataa kufunguka. Seremala aliikata na kuipiga randa mmoja mmoja, siku mbili nzima, na kila ulipopita upepo vumbi la mvule lilinijia mimi niliyesimama pale bila la kusema. Gharama niliibeba mimi, na ilikuwa haki.

Tangu hapo nimebadilisha mpangilio wa kazi yangu. Methali ya ufa na ukuta tumefundishwa sote tangu shule ya msingi, na kwenye tofali na saruji ni ya kweli. Kwenye modeli naiasi. Ufa wa kwenye modeli ukiuziba haraka ndipo unapojenga ukuta mbovu. Ufa huo huulizwa kwanza: umetoka wapi, unaanzia wapi, unapanuka kuelekea upande gani?

Nyumba ya Kira ilitupa nafasi ya kufanya hivyo wiki ileile ya mitetemo. Paa lake linateremka pande nne. Binti alichora mteremko wa upande mmoja mfupi, akaunakili, akaugeuza, akaupeleka upande wa pili. Ni njia nzuri, huokoa muda. Lakini mteremko ule haukukaa. Pembe moja ilifunga sawasawa, na kuelekea pembe nyingine ulibaki uwazi mwembamba wenye umbo la kisu: mwanzoni hakuna kitu, mwishoni sentimita 6. Nilipofika alikuwa ameshachora pembetatu ndefu na kuuziba, na kwa macho ya kawaida usingeona chochote.

"Ifute hiyo pembetatu," nikamwambia.

Akaifuta, shingo upande.

"Sasa pima. Uwazi unaanza sifuri na kuishia sentimita 6. Ukuta wa chini yake una urefu gani?"

"Mita 9."

"Kitu kinachopanuka polepole hivyo ni nini?"

Alikaa kimya kitambo. Bodaboda zilikuwa zinapiga honi chini kwenye makutano, na mtu alikuwa anagombana kwa Kiganda juu ya chenji. Kisha akasema, "Ni pembe. Kona si digrii 90." Akapima: digrii 89.6. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akakumbuka kwamba ukuta ule hakuuchora kwa kuandika vipimo. Aliubandika juu ya mstari wa mpaka wa kiwanja, kwa kuwa ulionekana kama unaenda sambamba na nyumba, na mpaka ule ulipindishwa na watu na uzio miaka mingi kabla yeye hajazaliwa. Sehemu nne za kumi za digrii. Jicho haliioni. Paa liliiona, kwa sababu paa ndilo mahali ambapo kuta zote nne hulazimika kukubaliana.

Nilimwacha anyooshe ukuta mwenyewe. Alipomaliza, mteremko ulionakiliwa ulishuka ukakaa kwenye nafasi yake, na mstari wa makutano ukatoweka kabisa, jambo ambalo kwenye programu ile ndiyo dalili kwamba vitu viwili vimekuwa kitu kimoja.

Kampala ni mji wa vilima, na vilima vina kasoro zao. Ukiipa kompyuta vimo vya ardhi, huunganisha nukta tatu tatu kwa pembetatu na kutandika juu yake ardhi kama shuka. Kisha unaweka nyumba, na siku moja unafungua sebule unakuta majani yameota katikati ya zulia: ardhi imepenya sakafu. Hapa hukumu inahitajika, maana kuna sababu mbili zinazofanana kwa sura. Kuna mara nukta yenyewe ni ya uongo. Nilishawahi kukuta shimo refu ghafla ubavuni mwa kiwanja, na nukta yake ya chini ilisema mita 1,109 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134. Hakuna kiwanja cha Kampala kilicho chini ya maji ya ziwa. Mtu alikuwa ameandika 1,109 badala ya 1,190, tarakimu mbili zimebadilishana viti. Ndiyo maana nawaambia wanaojifunza wajue kimo cha ziwa kama wanavyojua namba zao za simu.

Na kuna mara kilima kinasema kweli. Makindye, kiwanja chenye mteremko, majani yalitokeza kona ya sebule, na kijana mmoja aliyekuwa nasi wakati ule alikata tundu kwenye ardhi ya modeli, nyasi zikatoweka. Nilimwomba airudishe. Kesho yake tukapanda bodaboda hadi kiwanjani na mzee wetu wa ujenzi, mwashi kutoka Arua, ambaye mimi naye Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Alikuja na mpira wa maji, bomba jembamba linalopitisha mwanga, mita ishirini hivi. Alishika ncha moja, kijana akashika ya pili kwenye kona ya mbali, wakatoa viputo vya hewa kwa kuugongagonga kwa kidole. Maji yakapanda, yakashuka, yakatulia pande zote mbili kwa usawa mmoja, kwa sababu maji hayana upendeleo. Mzee akaweka alama kwenye vigingi kwa mkaa, akapima hadi ardhini.

"Kijana wangu, kona ile iko juu sentimita 80," akasema. "Mkitaka sebule tambarare, mtachimba kilima au mtajaza kifusi. Au mtaweka ngazi."

Tukaweka vipandio viwili vipana kati ya sebule na chumba cha kulia. Leo watoto wa nyumba ile hukaa pale kusoma. Majani yaliyoota kwenye zulia ndiyo yaliyowapa mahali hapo pa kukaa.

Jua nalo lina kasoro yake. Modeli ya SketchUp usiyoiambia iko wapi duniani hudhani iko Boulder, nyumbani kwa walioitengeneza, karibu latitudo ya 40 kaskazini, ambako jua la saa sita mchana liko kusini mwaka mzima. Hapa kwetu, chini ya nusu digrii kutoka ikweta, jua la Juni liko upande wa kaskazini, la Desemba upande wa kusini, na mwezi wa Machi na Septemba linapita utosini. Mtu akichora nyumba bila kubadilisha mahali, ataona vivuli vizuri vinavyoangukia kaskazini, ataweka baraza kusini, na chumba cha kaskazini kitaungua kila katikati ya mwaka. Kasoro hii ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa sababu haina kelele. Hakuna kinachotetemeka wala kumetameta. Kila kitu kinaonekana sawa, katika mji mwingine.

Faili linalozima lenyewe lina adabu zake. Hapo huwezi kutazama ukajua. Unaficha nusu ya modeli na kujaribu tena. Likizima, ubaya uko kwenye nusu iliyobaki. Lisipozima, uko kwenye uliyoificha. Unagawa tena nusu. Vitu 1,000 huhitaji majaribio 10 tu kufika kwenye kimoja, na sijui hesabu nyingine inayomtuliza mtu aliyepaniki kuliko hii. Mara moja tulishuka hivyo, nusu baada ya nusu, kutoka jumba zima la Ntinda hadi ghorofa ya juu, hadi chumba kimoja, hadi mlango, hadi kitasa. Kitasa kile kilipakuliwa kwenye intaneti, na aliyekitengeneza alikichonga kila mkunjo wa ua na kila jino la ufunguo, kikawa na nyuso nyingi kuliko nyumba nzima pamoja na uzio wake. Na kilikuwa kimenakiliwa kwenye milango kumi na minne. Tukaweka silinda mbili mahali pake. Faili likafunguka kabla sijanyanyua kikombe cha chai.

Mwenye nyumba ya Kira ni muuguzi anayeishi Waltham, Massachusetts, mji wenye Waganda wengi kiasi kwamba ukipiga simu huko usiku wa Kampala unasikia Kiganda nyuma ya sauti kama uko sokoni Kikuubo. Yeye huiona nyumba yake kwenye simu tu. Mara ya kwanza alipoifungua alinipigia: "Kaka, mbona sebule kubwa kama kanisa? Mimi nina hamsini kwa mia tu." Alikuwa na haki. Viwanja vya Kampala vinauzwa kwa futi, 50 kwa 100, kama desimali (sehemu za mia za ekari) 11 na nusu. Mchoro wake wa kwanza, uliotoka mahali pengine kabla yetu, ulikuwa umesomwa kama mita. Futi 50 kwa 100 ni mita za mraba 465 hivi. Mita 50 kwa 100 ni 5,000, zaidi ya ekari nzima. Na aliyeichora nyumba aliipanua ijaze kiwanja ambacho hakipo.

Kulirekebisha hilo ni kubofya mara mbili. Lakini nilikaa na dada yule kwenye simu karibu saa moja, kwa sababu nilijua kinachofuata: ile nyumba kubwa alikuwa ameshaipenda. Alikuwa amezunguka ndani yake usiku akitoka zamu. Kumwambia kwamba ni kosa la kipimo ni kumnyang'anya vyumba. Tukaanza upya pamoja, mita 12 kwa 9, chumba kwa chumba, yeye akichagua nini kibaki. Alichagua dirisha la jikoni linalotazama njia ya kuingilia, ili mama yake aone nani anakuja. Sijui programu inayoweza kukuambia dirisha hilo ni la lazima, lakini baada ya siku ile nililiwekea alama ili mtu asilisogeze.

Nikiulizwa kwa nini tunaisumbukia hivi nyumba isiyoshikika, huwa nafikiria Kasubi. Muzibu Azaala Mpanga, jumba kuu la makaburi ya wafalme wa Buganda, lilijengwa mwaka 1882 kama ikulu ya Muteesa wa Kwanza, likawa kaburi lake mwaka 1884, na baada yake wakalazwa humo Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Ndani ya paa lake la nyasi kulikuwa na pete 52, kwa idadi ya koo za Waganda. UNESCO waliliweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mwaka 2009 lilipimwa kwa leza katika mradi wa shirika la CyArk, nukta kwa nukta. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 likaungua. Asubuhi watu walisimama kwenye kilima wakilia mbele ya majivu, na jumba lile lilikuwa bado limesimama na vipimo vyake kwenye yale mafaili.

Nimekuwa nikilifikiria hilo kwa miaka mingi. Modeli ilijua kimo cha paa na mkunjo wake. Haikujua kushona nyasi. Kujua huko kulikuwa kwenye mikono ya watu wa ukoo wa Ngeye, ambao kazi ya kuezeka jumba hilo ni yao kwa urithi, na bila wao namba zote zile zisingezaa hata mganda mmoja wa nyasi. Jumba limejengwa tena, na mwaka 2023 UNESCO wakaliondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kila modeli inashikilia kile tu ambacho mtu alijali kukipima kwa ukweli. Na mtu anayeziba ufa kwa pembetatu ya uongo anaweka uongo huo mahali ambapo siku moja unaweza kuwa ndio ushahidi pekee uliobaki.

Siku ya kuweka vigingi Kira tulifika saa moja asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Mpima ardhi alishayatafuta mawe ya mpaka na kuyafagia. Binti alikuwa amekuja na ile karatasi ya ukutani, imekunjwa mara nne, pembe zake bado zina gundi. Akasoma namba za kona ya kwanza kutoka kwenye modeli, akajumlisha 460,000 na 44,000 kwa sauti, na mpima ardhi akaitikia kwa kichwa akatembea kuelekea mahali fulani kwenye nyasi ambapo hapakuwa na kitu. Kigingi kikapigwa pale. Kisha cha pili, cha tatu, cha nne, uzi ukavutwa.

Mzee wa Arua hakusema neno. Alimpa binti ncha ya futikamba aishike kwenye kigingi cha kwanza, akatembea mshazari hadi cha tatu, akainama, akasoma mita 15. Akarudi, akahamia mshazari wa pili. Ule ukuta wa digrii 89.6 ungebaki kwenye modeli, hapa ndipo zingetokea sentimita 5 za ziada, na mzee angeng'oa kigingi mbele yetu sote. Akaivuta futikamba mpaka ikakaza, akasafisha tope kwenye namba kwa kidole gumba, akasoma. Akasoma tena.

"Mita 15," akasema, akageuka kwa vijana wake. "Leteni majembe."

Binti alikuwa bado ameshika ncha yake.